Rangi Iliyoificha Ukerewe

Ramani ilikuwa ukutani, imemulikwa kwa projekta, na kila aliyeingia aliisifu. Mkoa mzima wa Mwanza ulikuwa pale, halmashauri 8, kila moja na rangi yake: kahawia iliyokolea Nyamagana, ikififia kadiri unavyotoka mjini, na kule juu Ukerewe imepauka kama kanga iliyoanikwa juani mwezi mzima. Ufunguo wa ramani ulisema "idadi ya watu kwa kilomita ya mraba". Ramani hiyo niliitengeneza mimi, kwa ajili ya kikao cha kupanga huduma za chanjo.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Ukara, kisiwa kimojawapo cha Ukerewe, alinyoosha mkono.

"Mwanangu, hiyo rangi ya kwetu maana yake nini?"

Nikamweleza kwa heshima kwamba maana yake watu wa Ukerewe wametawanyika, kila kaya ina nafasi ya kutosha. Akaitazama tena ramani, kisha akanigeukia.

"Shamba la baba yetu tumeligawana ndugu watano. Kijana wangu mkubwa amekosa hata pa kupanda mihogo, amehamia Geita. Hiyo nafasi iko wapi, nikamwambie arudi?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kuelewa, na mimi sikuwa na jibu. Jioni nilipoifungua tena kompyuta ndipo nikaona nilichokuwa nimefanya.

Kosa lilikuwa kwenye kigawanyo. Nilichukua faili ya mipaka ya wilaya, nikaiambia programu ikokotoe ukubwa wa kila wilaya, halafu nikagawanya idadi ya watu kwa ukubwa huo. Programu ilitii. Lakini mpaka wa wilaya ya Ukerewe hauishii ufukweni. Unaingia ziwani na kuzunguka visiwa 38 pamoja na maji yote yaliyo katikati yake. Eneo lote ni takriban kilomita za mraba 6,400. Nchi kavu humo ni 640 tu, yaani sehemu moja kati ya kumi.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 387,815 Ukerewe. Wagawanye kwa 6,400, unapata watu 61 kwa kilomita ya mraba, chini ya wastani wa Tanzania nzima ambao ni takriban 70 kwa kila kilomita ya mraba ya nchi kavu. Wagawanye kwa 640, unapata 606, zaidi ya mara nane ya wastani huohuo. Hakuna mtu aliyeongezeka wala kuhama kati ya hesabu hizi mbili. Hesabu ya kwanza iliwatawanya watu juu ya maji, na ndiyo niliyoipeleka kwenye kikao. Mtu anayepanga idadi ya vituo vya chanjo kwa kuangalia rangi angeipitia Ukerewe haraka na kwenda kwingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiziangalia kwa jicho jingine ramani zote za takwimu zinazotolewa kuhusu Kanda ya Ziwa. Ziko nyingi sasa, na hilo ni jambo jema. Zamani ramani ya takwimu ilikuwa kazi ya wataalamu wachache wenye mashine za bei. Leo kijana wa chuo anapakua bure QGIS, programu ya kutengeneza ramani, anachukua jedwali la sensa, anachukua faili ya mipaka, na kabla ya saa ya chakula cha mchana ana ramani ya rangi. Magazeti yanazitumia, miradi inazitumia, na kwenye vikao vya halmashauri ndizo zinazofungua mjadala. Ninachokisema hapa ni kimoja: ukiipaka wilaya nzima rangi moja, umeshatoa uamuzi kuhusu nani aonekane na nani asionekane, na huku kwetu mwambaoni na visiwani uamuzi huo huwaangukia watu walewale kila mara.

Aina hii ya ramani ina umri wa karibu miaka 200. Mfaransa Charles Dupin alichapisha yake mwaka 1826, akizipaka wilaya za Ufaransa kwa weusi na weupe kuonyesha palipo na elimu na palipokosa. Ilishika mara moja, kwa sababu jicho la binadamu hulinganisha giza na mwanga kabla hata akili haijasoma namba. Nguvu yake iko hapo, na hatari yake iko hapohapo. Jicho huona eneo. Halioni watu waliomo. Wilaya pana yenye watu wachache hujaza ukurasa, na kisiwa kilichobanana hugeuka alama ndogo kama chawa.

Mipaka yenyewe nayo haitulii. Hili limewaponza wengi, na kwa kuwa mfano wake uko hapa mkoani, acha niuonyeshe kwa namba. Mwaka 2012 sensa ilihesabu watu 663,034 wilayani Sengerema. Mwaka 2022 mstari wa jedwali ulioandikwa Sengerema una watu 425,415. Mtu akitengeneza ramani ya mabadiliko ya idadi ya watu kwa kuoanisha majina tu, Sengerema itatoka nyekundu kali: imepoteza zaidi ya theluthi moja ya watu wake katika miaka 10. Msomaji ataanza kuwaza njaa, au kuhama, au gonjwa fulani. Kumbe kati ya sensa hizo mbili Buchosa ilimegwa ikawa halmashauri yake, na mwaka 2022 ina mstari wake wenye watu 413,110. Zijumlishe unapata 838,525. Sengerema ya zamani imeongezeka kwa asilimia 26.

Rudi nyuma kidogo uone mkoa wenyewe. Sensa ya 2002 iliipa Mwanza zaidi ya watu 2,900,000, na ya 2012 ikaipa 2,772,509. Mwanza ilipungua? Machi 2012 ulizaliwa mkoa wa Geita, ukachukua Geita yenyewe kutoka Mwanza, Chato kutoka Kagera na Bukombe kutoka Shinyanga. Mkoa ulikatwa, watu wakabaki majumbani mwao. Kwa hiyo kila ramani yenye neno "mabadiliko" naiuliza swali moja kwanza: mipaka hii ni ya mwaka gani, na namba za zamani zimepangwa upya kuifuata au zimeachwa zilivyokuwa? Jibu likikosekana pembeni ya ramani, naiweka kando.

Hayo ni makosa ya hesabu, na mtu makini huyakamata. Gumu zaidi ni pale ambapo hesabu zote ni sahihi na ramani bado inapotosha. Kwa hili hakuna mfano mzuri kama kichocho.

Kila aliyekulia kando ya ziwa anakijua kichocho. Minyoo yake hukulia ndani ya konokono wadogo wa majini, hutoka, na humwingia mtu kupitia ngozi anapoteka maji, anapofua, anapooga au anaposukuma mtumbwi. Watafiti walioifanyia kazi Mwanza kwa miongo mingi wamekuta mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kichocho cha tumbo kimeukumbatia mwambao: kijiji kilicho ufukweni kinaweza kuwa kimejaa, na ukipanda kilomita chache tu kutoka majini kinapungua kwa kasi. Kichocho cha mkojo kwa kiasi kikubwa kiko bara, Kwimba na sehemu za Magu, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, kwa sababu konokono wanaokibeba ni wa aina nyingine na hupenda maji yaliyotuama. Yaani ndani ya wilaya moja kama Magu, inayogusa ziwa na kuingia bara, kuna magonjwa mawili yenye ramani mbili zisizofanana.

Sasa chukua mfano, nautunga ili hesabu iwe nyepesi. Wilaya ina vijiji 10 vinavyolingana kwa watu. Viwili viko ufukweni, na humo watu 40 katika kila 100 wana kichocho cha tumbo. Vinane viko juu, mtu 1 katika kila 100. Wastani wa wilaya ni asilimia 8.8. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza dawa za kinga kwa jamii nzima kila mwaka pale maambukizi yanapofika asilimia 10. Wilaya yetu haijafika. Kwenye ramani imepakwa rangi ya "wastani", rangi ya njano isiyomshtua mtu, na vijiji viwili ambamo watu 40 katika kila 100 wanaumwa vimemezwa na vinane vilivyo salama. Sogeza hali kidogo, vijiji vya ufukweni viwe vitatu: wastani unapanda hadi asilimia 12.7, wilaya nzima inabadilika rangi, na sasa dawa zinapelekwa hata mlimani ambako karibu hakuna mgonjwa. Katika hali zote mbili ramani imesema kweli kuhusu wastani, na katika zote mbili imemwelekeza mganga mahali pasipo sahihi.

Mstari unaofaa kwa kichocho cha tumbo ni ufukwe. Mpaka wa wilaya ulichorwa kwa sababu za utawala, na konokono hawautambui. Ramani inayomsaidia mganga mkuu wa wilaya ni ile inayochora ukanda kando ya maji, kilomita moja, mbili, tatu, na kuhesabu walio ndani ya kila ukanda. Mwongozo huohuo wa 2022 unazungumzia jamii, na ndiyo maana nasisitiza: asilimia 10 ya wilaya na asilimia 10 ya kijiji si kitu kimoja, hata kama zimepakwa rangi moja.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa takwimu tunalijua na hatulisemi vya kutosha. Namba hubandikwa mahali ilipoandikwa, na mara nyingi huko siko ilikotokea. Nenda asubuhi soko la samaki la Kirumba Mwaloni. Maboti yanashusha, magunia ya dagaa wakavu yamepangwa juu kuliko kichwa cha mtu, wachukuzi wanapita mbio na migongo imepinda, na karani anaandika kilo. Kilo hizo zinaingia kwenye hesabu ya Ilemela. Lakini dagaa wale wameanikwa kwenye mchanga wa kisiwa fulani huko Ukerewe au Buchosa, na kina mama wa huko ndio waliowageuza jua kali. Ukichora ramani ya samaki kwa mahali pa kuuzia, Ilemela inang'aa na visiwa vinafifia. Halafu ramani hiyohiyo itatumika kuamua wapi pajengwe vichanja vya kuanikia, au wapi upelekwe umeme wa kugandisha barafu.

Bugando ni hivyohivyo. Ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima, iko Nyamagana, na wagonjwa wazito wa mikoa yote jirani wanafikia pale. Ramani ya saratani kwa hospitali iliyotibu itaifanya Nyamagana ionekane kama chimbuko la ugonjwa, wakati mgonjwa ametoka Chato kwa basi la alfajiri. Dawa yake ni kuuliza kwenye fomu, mgonjwa anaishi kata gani, na kutumia jibu hilo kwenye ramani. Swali moja tu, na linaachwa wazi kwenye fomu nyingi kuliko unavyodhani.

Hata sensa yenyewe ina usiku wake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Mwezi mwandamo ulikuwa tarehe 27. Mtu wa mjini hatajali, lakini mvuvi wa dagaa anaelewa mara moja: ulikuwa msimu wa giza. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi huiua taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika mwezi ukiwa mpevu na huingia majini giza linaporudi. Usiku wa giza, ukisimama ufukweni Ilemela ukatazama ziwani, unaona taa nyingi hadi unadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Kambi za uvuvi visiwani huwa zimejaa vijana kutoka Magu, Misungwi, Bunda na kwingineko. Wiki mbili baadaye, mwezi ukiwa mpevu, wengi wao wako kwao. Kisiwa kidogo kinaweza kuvimba na kusinyaa kila mwezi, na jedwali likabaki na namba moja kwa miaka 10. Silaumu sensa. Lazima ichague usiku mmoja, na wahesabuji walizunguka na vishikwambi vyao hadi maeneo magumu. Nasema tu kwamba anayepanga vyoo vya kambi za uvuvi kwa namba ile ajue imepigwa picha wakati gani.

Kuhusu rangi zenyewe nitasema kwa ufupi, ingawa watu wanaogombana juu ya rangi ni wengi. Chukua idadi ya watu ya halmashauri 8 za Mwanza kwa sensa ya 2022: Ukerewe 387,815, Buchosa 413,110, Magu 421,119, Sengerema 425,415, Misungwi 467,867, Kwimba 480,025, Ilemela 509,687, Nyamagana 594,834. Unataka mafungu manne ya rangi. Ukiikata tofauti kati ya ndogo na kubwa vipande vinne sawa, halmashauri nne za kwanza zote zinaangukia rangi moja iliyofifia, Misungwi na Kwimba zinafuata, Ilemela peke yake, Nyamagana peke yake. Ukiamua kila fungu liwe na halmashauri mbili, Buchosa na Magu zinatenganishwa rangi ilhali zinapishana kwa watu 8,009 tu, na Ilemela na Nyamagana zinapewa rangi moja ilhali zinapishana kwa 85,147. Data ni ileile. Programu nyingi huchagua njia mojawapo zenyewe, na mtengenezaji huipokea bila kuuliza. Kwa namba 8 mimi naona ni afadhali uziandike juu ya ramani kila moja mahali pake, msomaji ajisomee.

Tena idadi ghafi kama hii haifai kupakwa rangi kabisa. Rangi itumike kwa viwango: kwa kila watu 1,000, kwa kila kilomita ya mraba ya nchi kavu, kwa asilimia. Idadi ghafi ichorewe maduara, na hapo kuwe na uangalifu mmoja: kinacholingana na namba ni eneo la duara. Ukiongeza upana wa duara mara mbili kwa sababu namba imekuwa mara mbili, jicho litaona mara nne.

Narudi kwenye maji, kwa sababu ndiyo yanayonisumbua zaidi. Kipimo kinachotumika sana kwenye mipango ya afya ni kilomita 5 kutoka kwa mwananchi hadi kituo. Ramani yake hutengenezwa kwa kuchora mduara wa kilomita 5 kuzunguka kila kituo na kuhesabu walio ndani kuwa wamefikiwa. Bara, mduara huo unavumilika. Ziwani, mduara unavuka maji kana kwamba watu wanatembea juu yake. Kwa miaka na miaka Kigongo na Busisi zilikuwa ndani ya mduara mmoja, zimetenganishwa na kilomita 3 za maji, na kila aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kivuko usiku na mgonjwa kwenye gari anajua kilomita hizo 3 zilikuwa na urefu gani. Juni 2025 daraja lilipofunguliwa, ramani ya umbali haikubadilika hata nukta. Maisha ya watu wa Sengerema yalibadilika siku hiyohiyo. Ramani inayoshindwa kutofautisha kabla na baada ya daraja la namna hiyo haipimi kufikika. Kinachofaa kupimwa ni muda: dakika za kutembea, za bodaboda, za kusubiri kivuko, na saa ambazo kivuko hakipo.

Ukara hakuna daraja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitokea Bugorora, kwenye kisiwa kikuu cha Ukerewe, karibu kabisa na kufika Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Watu wale walikuwa wanatoka gulioni, wanarudi nyumbani, wanakwenda kuona ndugu. Kwenye ramani ya umbali safari hiyo ni mstari mfupi, hauna uzito wowote. Nikitazama mduara uliovuka yale maji nakumbuka hilo, na siwezi kuuona kama suala la ufundi tu.

Nimeambiwa, na nakubali, kwamba kukusanya namba hadi ngazi ya wilaya kuna sababu zake. Ya kwanza ni siri za watu. Ukichora ramani ya maambukizi ya VVU kisiwa kwa kisiwa, na kisiwa kina kaya 40, umewataja watu kwa majina bila kuandika jina. Wavuvi wameshabebeshwa lawama za kutosha juu ya ugonjwa huo, na ramani isiongeze mzigo. Ya pili ni kwamba namba ndogo huyumba. Kata yenye watu 3,000 ikipata wagonjwa 2 mwaka huu, kiwango chake ni 67 kwa kila watu 100,000 na ramani inawaka nyekundu. Mwakani wakiwa sifuri inakuwa nyeupe kama haijawahi kuugua. Wanaoikimbilia rangi hiyo watakuwa wanakimbiza bahati. Na ya tatu, tafiti za sampuli zina kina chake. Utafiti wa afya wa 2022 uliokuta malaria kwa asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka 5 kitaifa, na 23 Tabora, ulipangwa utoe majibu ya mkoa. Anayeutumia kupaka rangi kata za Misungwi anabuni.

Kwa hiyo sidai kila kitu kishushwe hadi kitongoji. Nadai kwamba kipimo kichaguliwe kwa kufuata jambo lenyewe, na kichaguliwe waziwazi. Jambo linalokaa ufukweni lipimwe kwa ukanda wa ufukwe, hata kama ukanda huo unapita halmashauri nne. Watu watakuwa wengi vya kutosha kulinda siri na kutuliza namba. Visiwa vidogo viunganishwe na visiwa vyenzake, kwa sababu maisha yao yanafanana, badala ya kuunganishwa na bara kwa kuwa tu wanaandikiwa barua na ofisi moja.

Na watu wapakwe rangi pale wanapoishi. Ufundi huu ni wa zamani. Mrusi Benjamin Semenov-Tyan-Shansky aliufanyia kazi mwanzoni mwa karne ya 20, akipaka rangi maeneo yenye makazi na kuyaacha yasiyo nayo. Leo ni rahisi kuliko wakati wake. Unachukua wilaya, unatoa maji. Unatoa msitu wa hifadhi, kama Rubya kule Ukerewe. Unatoa majabali. Kinachobaki unakioanisha na alama za nyumba ambazo watu wa kujitolea wamezichora kutoka picha za setilaiti kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na idadi ya watu unaigawa kufuata nyumba. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu kwa Ukerewe, nyingi nikihakiki kama vibanda vya kambi za uvuvi vimechorwa au vimesahauliwa. Vingine vilikuwa vimesahauliwa, nikaviongeza kimoja kimoja.

Ramani mpya ilitoka tofauti kabisa. Katikati kulikuwa na maji matupu, meupe, na kuyazunguka kukawa na kingo nyeusi tii: mji wa Nansio, mwambao wa kusini, Ukara yote. Kwa ukubwa wa karatasi ya kawaida visiwa vidogo havikuonekana, kwa hiyo nikachora kisanduku pembeni, Ukara ikakuzwa mara tano. Chini nikaandika mwaka wa mipaka, chanzo cha namba, na maneno haya: msongamano umepigwa kwa nchi kavu tu.

Kikao kilichofuata niliichapisha kwenye karatasi kubwa, nikaitandaza mezani badala ya kuimulika ukutani. Mwalimu alivaa miwani akainama. Alipitisha kidole ukingoni mwa Ukara taratibu, kijiji kwa kijiji, akivitaja kwa sauti ya chini. Kisha akaniomba kalamu. Pale Bwisya, kivuko kinapofunga, aliweka alama ya msalaba, akachora mstari hadi Bugorora, na juu ya mstari huo akaandika saa ya kivuko cha kwanza na saa ya kivuko cha mwisho.